Bastola Ndogo Yataka Mkono Mzoefu

Mwongozo huu ni wa msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani ambaye ameamua, au anakaribia kuamua, kununua bastola ndogo ya kubeba chini ya nguo ili ajihami. Huenda unafunga kituo cha mafuta saa sita za usiku Columbus. Huenda unatoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee Minneapolis na kuvuka maegesho peke yako. Huenda nyumba yenu Houston imeshavunjwa. Sababu unazo mwenyewe, nami sitazipima. Nia yangu ni usitoke dukani na chombo ambacho siku ya shida kitakushinda, au siku ya amani kitamuumiza mtu wa nyumbani kwako.

Lishike jambo moja tangu sasa, maana mengine yote yanatoka humo: kadiri bastola inavyokuwa ndogo, ndivyo inavyokuwa ngumu kuipiga vizuri. Mnunuzi mgeni, hasa mwanamke, mara nyingi huonyeshwa ile iliyo ndogo kabisa na kuambiwa ndiyo inayomfaa. Ukweli ni kinyume chake. Bastola nyepesi ina teke kali, kwa kuwa haina uzito wa kulimeza. Mpini mfupi unakiacha kidole cha mwisho kikining'inia hewani. Mtutu mfupi unavikaribianisha vilengeo vya mbele na nyuma, na kosa dogo la kulenga linakuwa kubwa risasi ifikapo kwenye shabaha. Basi usiitafute ndogo kuliko zote. Tafuta kubwa kuliko zote ambayo bado utaweza kuificha na kuivaa kila siku.

Kabla ya duka, sheria

Anza na hadhi yako ya uhamiaji. Raia na mwenye grini kadi wanaweza kununua silaha ikiwa hawana kizuizi kingine. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho hata kuishika risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya kuwinda. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Kama kesi yako ya ukimbizi bado haijaamuliwa, muone wakili wa uhamiaji kwanza, usimsikilize muuzaji wala jamaa.

Dukani utajaza fomu 4473, kisha jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa FBI wa kukagua rekodi ulioanza mwaka 1998. Ijaze pole pole. Fomu inauliza nchi ya uraia wako, na mwenye grini kadi anayeandika Marekani kwa haraka amejidai uraia asio nao, kosa linaloweza kumfukuzisha nchini. Inauliza pia kama silaha ni yako mwenyewe. Kumnunulia ndugu ambaye hawezi kupita ukaguzi ni kosa la jinai la shirikisho, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Inauliza kuhusu bangi vilevile, na inakuonya kwamba ruhusa ya jimbo haifuti katazo la shirikisho. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mume, hata kwa kosa dogo, amezuiliwa tangu sheria ya mwaka 1996. Kwa sheria ya 1968, duka lenye leseni halimuuzii bastola aliye chini ya miaka 21.

Ukishanunua, kubeba ni suala jingine, na kila jimbo lina yake. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayadai tena kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Texas ilijiunga nayo Septemba 2021, Ohio Juni 2022. Minnesota inadai kibali na mafunzo. Illinois inadai kadi ya kumiliki silaha, na juu yake leseni ya kubeba yenye mafunzo ya saa 16. New York, New Jersey na California zina masharti marefu zaidi, na zote tatu zinazuia magazini inayozidi risasi 10. Kibali cha jimbo lako huenda hakitambuliwi jimbo la jirani.

Madereva wa lori, hili ni lenu. Sheria ya shirikisho ya 1986 inamlinda msafiri anayepita na silaha kwenye jimbo lisilomruhusu, ila kwa masharti: awe na haki ya kuibeba kule atokako na kule aendako, silaha isiwe na risasi, na isifikike kwa urahisi kutoka kitini. Kulala na bastola yenye risasi chini ya mto ndani ya kebini ya lori ukiwa New Jersey si kupita. Na kwa madereva wa Uber na Lyft, kampuni zote mbili zinakataza silaha garini, uwe na kibali usiwe nacho.

Kwa asiye raia, hatari ni kubwa kuliko kwa jirani yake Mmarekani. Hatia yoyote ya silaha, hata ile ambayo raia angelipa faini na kurudi kazini, inaweza kukufungulia kesi ya kufukuzwa nchini. Kabla hujabeba, ijue sheria ya jimbo lako kama unavyojua anwani ya nyumba yako.

Ukubwa wa aina tatu

Bastola za kubeba zinagawanyika takribani katika makundi matatu.

La kwanza ni bastola za wastani. Mfano wake maarufu ni Glock 19, iliyotoka mwaka 1988. Ina mtutu wa sentimita 10, magazini ya risasi 15, na ikijazwa inakaribia gramu 850. Mkono mzima unaenea kwenye mpini, teke lake ni la kiasi, na anayejifunza anaona maendeleo mapema. Kwa mwanamume anayevaa shati la kuning'inia na mkanda imara, inafichika vizuri. Kwa mtu mwembamba aliyevaa fulana ya kiangazi, mpini wake utatokeza.

La pili ni bastola ndogo nyembamba. Smith & Wesson walitoa Shield mwaka 2012, Glock wakaleta Glock 43 mwaka 2015 yenye risasi 6 kwenye magazini. Mwaka 2018 SIG Sauer wakatoa P365, ambayo kwa umbo lilelile dogo ilibeba risasi 10 kwenye magazini, na watengenezaji wengine wakalazimika kufuata. Kundi hili ndilo linalowafaa watu wengi zaidi. Ni nyembamba kiasi cha kusahaulika kiunoni, lakini bado lina vilengeo vya maana na risasi za nguvu. Zingatia tu kwamba teke lake ni kali zaidi ya lile la kundi la kwanza. Ukiweza, chagua yenye mpini mrefu kidogo, au ongeza magazini yenye kitako kirefu ili kidole cha mwisho kipate pa kukaa.

La tatu ni bastola za mfukoni. Ruger LCP ya mwaka 2008 ina uzito wa chini ya gramu 300 bila risasi na mtutu usiofika sentimita 8. Inaingia mfuko wa suruali. Hapo ndipo wanunuzi wapya wanapokosea: wanaiona tamu kwa macho, wanapiga risasi tano, mkono unauma, inawekwa kabatini hadi leo. Bastola ya mfukoni inamfaa mpigaji mzoefu anayehitaji kuficha sana. Mwanafunzi asianzie hapo.

Risasi ya kipimo gani

Kwa bastola ya magazini, jibu fupi ni milimita 9. Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambapo maafisa wawili wa FBI waliuawa, shirika hilo lilianza kupima risasi kwa kuzifyatua kwenye jeli maalumu, likitaka zipenye kati ya sentimita 30 na 45. Lilihamia kwenye risasi kubwa zaidi kwa miaka mingi, kisha katikati ya muongo wa 2010 likarudi kwenye milimita 9. Sababu zake zinakuhusu na wewe: risasi za kisasa za kipimo hicho zinapenya vya kutosha, teke lake ni dogo, na maafisa wengi walizipiga kwa usahihi zaidi.

Risasi ya .380 ni fupi na dhaifu kidogo. Ina nafasi yake kwa mtu mwenye mikono isiyo na nguvu. Mwaka 2018 Smith & Wesson walitoa Shield EZ ya kipimo hicho, iliyotengenezwa makusudi iwe rahisi kuvutwa na kujazwa, na mama mwenye ugonjwa wa viungo anaweza kuimudu. Ila usidhani .380 ina teke dogo kila mara, kwani katika bastola ya gramu 300 hurusha mkono kuliko milimita 9 katika bastola ya wastani. Na sanduku la risasi zake za mazoezi kwa kawaida ni ghali zaidi.

Kwa mazoezi tumia risasi za kawaida zilizofunikwa shaba. Kwa kubeba, risasi zenye tundu kichwani ndizo salama zaidi kwa watu walio nyuma ya anayekushambulia, kwa sababu hupanuka zinapoingia mwilini na haziendelei mbali. Kagua kwanza sheria ya jimbo lako. New Jersey ina masharti makali juu ya risasi za aina hiyo.

Mkono wako ndio wa kuamua

Bastola ni kama kiatu, cha mwenzako hakikutoshi hata kama kampuni ni moja. Usiagize kwa kutazama video. Nenda uwanja wa shabaha unaokodisha silaha, jaribu angalau tatu za makundi tofauti, na ujiulize haya.

Je, mpini unaenea kiganjani, na bastola ikinyooshwa inakuwa mstari mmoja na mkono wako? Je, ncha ya kidole cha shahada inafika kwenye triga bila kuuzungusha mpini? Je, unaweza kuivuta slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, nyuma hadi mwisho, mara kumi mfululizo? Wengi wanaoshindwa hapa hawakosi nguvu, wanakosa mbinu: ishike slaidi kwa kiganja kizima cha mkono wa pili, isukume bastola mbele kwa mkono wa kwanza huku ukivuta nyuma. Ukishindwa hata hivyo, hiyo si bastola yako. Je, unakifikia kirahisi kitufe cha kuachia magazini? Na baada ya risasi 50, bado unataka kuendelea, au umeanza kufumba macho kabla ya mlio?

Rivolva nayo ina watetezi wake. Zile ndogo za Smith & Wesson zenye risasi 5 za .38 Special zina uzito wa takribani gramu 420, hazina slaidi ya kuvuta, na hazikwami kwa sababu ya magazini mbovu. Lakini triga yake ni ndefu na nzito, vilengeo ni vidogo, na teke lake si la mchezo. Kwa mtu ambaye kidole kina nguvu ila hawezi kuvuta slaidi, inastahili kujaribiwa. Kwa wengine wote, bastola ya magazini ni rahisi zaidi kujifunza.

Kuhusu sefti ya kidole gumba, yako maoni mawili na yote yana uzito. Bastola nyingi za kisasa, Glock zikiwemo, hazina. Usalama wake umejengwa ndani na kwenye triga, hivyo hazifyatuki kwa kuanguka tu, ila zinafyatuka chochote kikivuta triga. Ukichagua yenye sefti, fanya mazoezi ya kuishusha kila unapochomoa, mpaka kidole kifanye bila kuambiwa. Ukichagua isiyo nayo, ala ndiyo sefti yako.

Ala na mavazi

Tenga fedha ya ala, mkanda na sefu kabla hujachagua bastola. Bastola mpya ya makundi mawili ya kwanza huuzwa mara nyingi kati ya dola 400 na 600, na mnunuzi anayemaliza fedha zote hapo ndiye anayeishia kuisokomeza kiunoni bila kitu.

Ala njema ni ngumu, imetengenezwa kwa modeli hiyohiyo ya bastola, inafunika triga yote, haikunjiki bastola ikitoka, na inaishikilia hata ukiinama kufunga kamba za viatu. Epuka ala laini za kitambaa zinazodai kutosha kila bastola. Unapoirudisha bastola ndani, tazama. Kamba ya koti au ncha ya shati ikiingia kwenye triga, risasi inakwenda pajani.

Mavazi yetu yanahitaji kufikiriwa. Anayevaa gauni la kitenge, dera au baibui hana mkanda wa kuning'inizia ala. Upo mkanda mpana wa tumboni unaovaliwa chini ya nguo. Chagua ule wenye ala ngumu ndani yake, na ufanye mazoezi ya kuichomoa ukiwa umevaa nguo hizohizo, bila risasi. Mkoba wa begani ni chaguo la mwisho kabisa. Tarehe 30 Desemba 2014, katika duka moja huko Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili alitoa bastola kwenye mkoba wa mama yake na kumuua. Mkoba unawekwa kwenye toroli, unaachwa kitini, unaporwa. Kama huna njia nyingine, bastola iwe peke yake katika mfuko uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ndani ya ala, na mkoba usitoke mwilini mwako.

Mazoezi ndiyo bei halisi

Jeff Cooper, mwalimu wa bastola aliyefariki mwaka 2006, aliacha kanuni nne ambazo viwanja vingi vya shabaha vinazifundisha. Hesabu kila silaha kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kisiguse triga mpaka vilengeo viwe kwenye shabaha. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Ajali nyingi huanzia pale mbili kati ya hizi zinapovunjwa kwa pamoja.

Chukua kozi kwa mkufunzi kabla ya kubeba, hata kama jimbo lako halidai. Bastola mpya ipigwe risasi 200 za mazoezi, pamoja na magazini kadhaa za zile utakazobeba, bila kukwama. Ikikwama kila mara, irudishe. Kisha uende uwanjani angalau mara moja kwa mwezi. Kama ratiba ya kazi mbili haikuachii hata mara moja kwa mwezi, hilo nalo ni jibu, na nitalirudia mwishoni.

Jifunze pia lini hutakiwi kufyatua. Bastola ni ya kuokoa maisha pale kifo au jeraha kubwa limekukabili. Simu iliyoporwa na mwizi anayekimbia hairuhusu kumpiga risasi mgongoni. Florida tangu 2005 haimdai mtu kurudi nyuma kabla ya kujihami. Minnesota inakudai uondoke kwanza ikiwezekana, ukiwa nje ya nyumba yako. Kila risasi unayofyatua utaijibia mbele ya polisi, mwendesha mashtaka, na huenda jaji wa uhamiaji.

Ukisimamishwa na polisi

Tarehe 6 Julai 2016, Philando Castile, mwenye kibali halali, alisimamishwa na polisi Falcon Heights, Minnesota. Alimweleza afisa kwa upole kwamba ana silaha. Muda mfupi baadaye alipigwa risasi akafa, mpenzi wake na mtoto mdogo wakiwa garini. Afisa aliachiwa huru mwaka 2017. Mtu mweusi anayebeba bastola Marekani hana budi kulitia hili moyoni.

Majimbo mengine, kama Michigan, yanakulazimisha kumwambia polisi mara moja kwamba umebeba. Mengine yanasubiri uulizwe. Ijue kanuni ya lako. Zima injini, washa taa ya ndani, mikono yote iwe juu ya usukani. Ukisema una silaha, sema pia mikono yako iko wapi, kisha umuulize afisa ufanye nini kabla hujaigusa pochi. Usiitaje silaha huku mkono ukitafuta kitu. Weka leseni ya udereva na kibali mahali pasipo karibu na bastola.

Nyumbani

Bastola isiyo kiunoni mwako iwe ndani ya sefu. Juu ya kabati si sefu, wala chini ya godoro, wala kasha la gari. Zipo sefu ndogo za kitandani zinazofunguka kwa tarakimu kwa sekunde chache. Garini usiiache usiku, maana wezi wa magari wanazitafuta hizo. Watoto wetu wanatembeleana, na watoto wa wageni wanapekua. Mfundishe mwanao akiona bastola popote asiiguse, aondoke, amwambie mtu mzima; lakini usiutegemee ufahamu wake badala ya kufuli.

Kuna jambo la kusema wazi, ingawa kwetu hatupendi kulitaja. Mwaka 2021 Marekani ilihesabu vifo 48,830 vya silaha za moto, na zaidi ya nusu, 26,328, vilikuwa vya watu kujiua. Upweke wa ughaibuni, kazi za usiku, ndoa zinazovunjika mbali na wazee wa kusuluhisha, vyote vinatuangukia. Kama wewe au mtu wa nyumba yako anapita kwenye giza hilo, bastola isiwemo nyumbani. Mpe rafiki aliyeruhusiwa na sheria, au uulize duka na uwanja wa shabaha kama wanahifadhi. Namba ya msaada ya kuzuia kujiua, 988, inapokea simu saa zote, na mkalimani anaweza kuombwa.

Utaratibu wa kununua

Fuata mpangilio huu. Hakikisha hadhi yako na sheria za jimbo. Chukua kozi ya msingi. Kodisha na upige bastola za wastani na ndogo nyembamba. Nunua sefu. Nunua bastola ya milimita 9 uliyoipiga vizuri kuliko zote miongoni mwa zile unazoweza kuzificha. Nunua ala yake na mkanda. Pitisha risasi 200. Vaa nyumbani bila risasi kwa wiki moja, ukipika, ukiendesha gari, ukisujudu au kupiga magoti, uone inakaa au inateleza. Ndipo uanze kubeba.

Na kama katika mpangilio huo umekwama, kwa kuwa muda wa mazoezi haupo, au sefu haijapatikana, au mwenzi wako hataki silaha ndani ya nyumba, usinunue mwaka huu. Weka taa ya nje inayowaka mtu akipita, badilisha kufuli, omba kusindikizwa hadi garini baada ya zamu, lipa kozi ya kujihami kwa mikono. Hizo ni kinga halisi, na hazikudai mazoezi ya kila mwezi. Bastola itakuwepo dukani mwakani, na wewe utakuwa umejiandaa kuibeba.